Mgeni wa Tovuti na Adabu ya Hodi

Katika miji ya Pwani, kuanzia Vanga hadi Lamu, mgeni hubisha hodi mara tatu. Asipoitikiwa hugeuka akaenda zake, wala hapana wa kumlaumu. Adabu hiyo ya kale imepata makao mapya mahali ambapo wazee wetu hawakupatazamia, yaani katika mtandao wa intaneti. Msomaji hufungua ukurasa, husubiri kidogo, hutupa jicho, na asipoona dalili ya kukaribishwa hurejea alikotoka. Wenye tovuti hulalamika kwamba wageni wao hawakai. Nadai kwamba aghalabu kosa si la mgeni, na kwamba dawa yake haimo katika ufundi wa mitambo pekee. Kwa sehemu kubwa imo katika lugha.

Kipimo kinachotumiwa kupimia jambo hili hakijapata istilahi iliyokubalika katika Kiswahili. Nimekiona kikiitwa "kiwango cha kuruka", kana kwamba msomaji ni panzi. Katika makala hii nitakiita kiwango cha ugeukaji, kwa maana ya kugeuka mlangoni: ni ziara ngapi, katika kila mia, ambazo mgeni aliishia palepale alipoingilia. Hesabu yenyewe si thabiti kama inavyodhaniwa. Kwa miaka mingi programu ya Google Analytics ilimhesabu kuwa amegeuka kila mtu aliyefungua ukurasa mmoja tu, hata kama aliusoma kwa nusu saa. Toleo jipya la mwaka 2020, ambalo lilichukua nafasi ya lile la zamani mwaka 2023, humhesabu hivyo yule tu aliyekaa chini ya sekunde 10, asifungue ukurasa wa pili, wala asitende jambo ambalo mwenye tovuti amelitaja kuwa muhimu. Kwa hiyo tovuti ileile iliweza kuonekana imeneemeka pasi na neno hata moja kubadilishwa ndani yake.

Mfano utatufaa zaidi. Tuchukue Jego, kijiji kilicho jirani na Vanga, katika eneobunge la Lungalunga, Kaunti ya Kwale, na tuseme walimu na wanafunzi wa huko wameamua kukiundia kijiji chao tovuti. Jambo la kwanza watakalotaka kuliweka humo, bila shaka, ni habari za Mto Umba. Mto huu huteremka kutoka milima ya Usambara nchini Tanzania, ukavuka mpaka na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga. Na mvua zikizidi, nyanda za huko hufurika. Sasa mfikirie mkulima wa mpunga anayeifungua tovuti hiyo usiku wa mvua, akitaka kujua tu kama maji yamepanda. Anasoma mstari mmoja, anafunga simu, anakwenda kuamsha watoto. Je, huyu amegeuka mlangoni?

Kwa hesabu ya mtambo, yamkini ndivyo. Kwa haki, yeye ni kama mtoto aliyetumwa kuomba moto kwa jirani: hupewa kaa lake akakimbia nalo, na mwenye nyumba hana sababu ya kununa. Linalotisha ni mkulima huyohuyo aikute ilani imeandikwa kwa Kiingereza cha ofisini, ndani ya faili zito lisilofunguka, akageuka mikono mitupu. Mtambo utawahesabu wote wawili kuwa sawa. Ndiyo maana mwalimu anayewafundisha wanafunzi wake kuunda tovuti asiwape namba kabla ya kuwauliza: mgeni huyu alikuja kutafuta nini?

Tuje kwenye hodi ya kwanza, ambayo ni uzito wa ukurasa. Utafiti wa Google wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba asilimia 53 ya ziara za simu za mkononi hukatizwa ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu kufunguka. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya kisasa huweza kuwa na megabaiti tatu au nne. Ikipunguzwa kabla ya kuwekwa, hutosha kuwa na kilobaiti 200 nayo jicho lisione tofauti. Anayejiunga na bando la shilingi 20 hana ubavu wa kufunguliwa picha kumi za ufuo ili asome maneno arubaini. Haya yameandikwa mara nyingi na mafundi, nami sitayarefusha.

Hodi ya pili ndiyo inayonihusu kwa kazi yangu. Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, aliripoti kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza waliupitia ukurasa mpya kwa kudokoadokoa tu, na asilimia 16 pekee ndio waliosoma neno kwa neno. Baadaye watafiti wa Microsoft walichunguza muda wanaotumia watu katika kurasa zaidi ya 200,000, wakagundua jambo ambalo bibi zetu wangelisema bila utafiti: hatari ya mgeni kuondoka ni kubwa mno katika sekunde za mwanzo, kisha hupungua kadiri anavyokaa. Aliyekwisha kuvuka kizingiti akapewa mkeka hainuki upesi. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Sasa hebu tazama sentensi za kwanza za tovuti zetu nyingi za Kiswahili. "Karibu katika tovuti yetu rasmi ambayo imeundwa kwa madhumuni ya kutoa huduma za utoaji wa taarifa za masuala ya maendeleo ya jamii ya eneo la..." Ni msururu wa "ya" uliofungwa kama mabehewa ya treni, na injini haionekani. Kitenzi cha Kiswahili ni hazina: ndani ya neno moja hubeba mtenda, wakati, mtendwa na hata sababu ya kutenda. Anayekitupa kitenzi na kukumbatia nomino ameacha chombo kilichonolewa akachukua butu. "Umba umefurika, msivuke leo" ni maneno manne yaliyokamilika. Hata hadithi zetu zimelijua hilo. Msimulizi akisema "Paukwa" hawezi kuendelea mpaka aitikiwe "Pakawa". Msikilizaji ametiwa ndani ya hadithi kabla hajajua inahusu nini. Nafsi ya pili, swali la kweli na kitenzi kilicho hai hufanya kazi hiyohiyo kwenye kiwambo cha simu.

Ubaya huongezeka ukurasa unapotafsiriwa na mashine kutoka Kiingereza bila binadamu kuupitia. Msomaji huhisi mara moja kwamba haongeleshwi yeye, hata kama hawezi kuonyesha kosa la sarufi, naye hugeuka. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo tovuti nyingi za umma huandikwa kwa Kiingereza kwanza, na Kiswahili, kikipatikana, huwa ni mgeni aliyekaribishwa jikoni.

Ziko, lakini, njia za kumzuia mgeni ambazo sizipendi hata kidogo. Kuna wanaoigawa makala moja katika kurasa kumi ili msomaji alazimike kubofya mara kumi. Wengine huchomoza dirisha la matangazo mtu anapotaka kutoka. Wengine huweka kichwa cha habari kinachoahidi siri ambayo haimo ndani. Namba itapungua, sikatai. Lakini huko ni kumfungia mgeni mlango kwa nje, na aliyefungiwa mara moja hapiti tena mtaa huo.

Njia ya halali ni kumwonyesha chumba kingine ambacho angependa kukiona. Hapa Jego ina utajiri ambao mji mkubwa hauna. Mwaka 2019 ulizinduliwa mradi wa Vanga Blue Forest, ambao jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu huhifadhi kwao takriban hekta 460 za mikoko na kuuza hewa kaboni inayohifadhiwa humo, kwa kufuata mfano wa Mikoko Pamoja ulioanza Gazi mwaka 2013 kwa hekta 117. Mwanafunzi wa Nairobi au wa Tanga anayetafuta habari za mikoko atafika kwenye ukurasa huo. Akimaliza, na akute mwishoni maneno haya: "Kabla ya mikoko hii kuuzwa kaboni ilijenga nini? Soma habari za boriti." Kutoka kwenye boriti aongozwe hadi Vumba Kuu, mji wa kale wa Wavumba katika pwani hiyohiyo. Kiungo kiwe na jina la kule kinakokwenda. Neno "bofya hapa" ni kama kumwelekeza mtu njia kwa kusema "kule".

Habari za Vumba ziko, ila ziko mbali na wenyewe. A. C. Hollis alichapisha kwa Kiingereza maelezo ya historia ya Vumba mwaka 1900, na Lambert akatoa uchunguzi wake wa lahaja ya Kivumba mwaka 1957, kwa Kiingereza vilevile. Mtoto wa Jego anayeandika jina la lahaja ya nyanya yake katika simu hupelekwa kwenye maktaba za Ulaya, mara nyingi mbele ya ukurasa unaodai malipo. Bila shaka hugeuka. Tovuti ya kijiji iliyo na majina ya samaki, ya pepo na ya sehemu za ngalawa kwa Kivumba na Kidigo, pamoja na sauti za wazee wakiyatamka, haitakuwa na mshindani, na mtafiti wa lugha atakesha humo.

Linabaki swali la lahaja ipi iandikwe wapi, nalo najua litazua ubishi katika vyumba vya walimu. Maoni yangu ni kwamba ilani za mafuriko, za shule na za zahanati ziandikwe kwa Kiswahili sanifu chepesi, na Kidigo kando yake, kwa kuwa mpaka u karibu na wasomaji ni wa pande zote mbili. Masimulizi yaachwe katika lahaja ya msimulizi, bila kunyooshwa, na maneno magumu yaelezwe chini. Kisha, kabla ya ukurasa wowote kutangazwa, mwanafunzi mmoja ausome kwa sauti mbele ya mzee asiyekuwa na simu, na mwalimu aandike ni katika sentensi ya ngapi mzee alipoanza kutazama pembeni.