Kutoa Mimba na Mimba Kutoka: Maelezo kwa Walimu

Katika Kiswahili silabi moja yaweza kubadili hukumu ya mtu. Twasema, "Ametoa mimba," na tena twasema, "Mimba imetoka." Katika usemi wa kwanza yupo mtendaji, katika wa pili hayupo, ila lipo jambo lililompata mama. Ndivyo ilivyo pia kwa kuharibu na kuharibika, na kwa kuua na kufa. Walakini watu huyachanganya maneno haya, hata mama aliyefiwa na mtoto tumboni akanong'onwa kana kwamba ametenda kosa. Mwalimu asiukubali mchanganyo huo. Msiba si dhambi, na aombolezaye yafaa afarijiwe, wala si kukemewa.

Tofauti hiyo yatufaa zaidi pale mimba inapoandamana na ugonjwa wa hatari. Wako wadhanio ya kuwa Kanisa lamwamuru mama afe ili mtoto apone. Wako na wadhanio ya kuwa hatari yahalalisha kila jambo. Wote wamekosea.

Kanisa Katoliki lafundisha ya kuwa uhai wa mama na uhai wa mtoto ni sawa mbele ya Mungu. Kwa hiyo si halali kumwua mmoja kwa kusudi, hata kama ni njia ya kumponya mwingine. Bali ni halali kuutibu ugonjwa wa mama, ijapokuwa yajulikana kwamba mtoto aweza kufa kwa matibabu hayo. Mzizi wa mafundisho haya waonekana kwa Mtakatifu Toma wa Akwino, katika karne ya 13, alipoeleza habari za mtu ajiteteaye: tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja limekusudiwa, la pili halikukusudiwa. Papa Pius XII aliyaeleza mambo haya ya wazazi na watoto katika hotuba zake za mwaka 1951.

Walimu wa maadili hutaja masharti manne. Tendo lenyewe lisiwe ovu. Nia iwe njema. Ubaya usiwe njia ya kuupatia wema. Tena sababu iwe nzito, ipatane na hasara. Mathalani, tumbo la uzazi likiwa na saratani, na matibabu hayawezi kungoja, mganga aweza kuliondoa. Mtoto hufa, lakini hakuuawa kwa kusudi. Hapo sarufi na maadili husema neno moja.

Tumtazame Gianna Beretta Molla, mganga wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1922. Mwaka 1961, akiwa na watoto watatu na mimba changa, alionekana ana uvimbe katika tumbo la uzazi. Kuondoa tumbo zima pamoja na uvimbe kungaliweza kuhesabiwa kuwa matibabu halali. Yeye alichagua uvimbe peke yake uondolewe, ili mtoto aishi, akijua hatari iliyo mbele. Alijifungua binti kwa kupasuliwa tarehe 21 Aprili 1962, akafa tarehe 28 Aprili kwa uambukizo wa tumbo, umri wake miaka 39. Papa Yohane Paulo II alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 16 Mei 2004, na binti yule, ambaye naye alikuwa mganga, alikuwapo.

Basi, tuwe waangalifu tunapoisimulia habari hii. Gianna alitoa sadaka, hakulipa deni. Twamsifu kwa sababu alitoa kwa hiari kitu asichodaiwa. Tukimwambia mama mgonjwa, "Nawe ufanye hivyo," twageuza sadaka kuwa sheria, na kumtwisha mzigo ambao Kanisa halikumtwisha. Mama akubaliye matibabu halali, kisha akampoteza mtoto, hana hatia. Aweza kukomunika bila hofu.

Mwalimu ajiwapo na mume usiku, akiulizwa, "Tufanye nini?" kwanza amhimize ampeleke mkewe hospitali upesi, kwa maana kukawia kumeua wengi. Kisha amwite padre. Mtoto akitoka mapema naye angali hai, abatizwe. Na baada ya msiba, mwalimu aangalie ulimi wake na ulimi wa jirani: aseme "imetoka," asiseme "ametoa."