Jeni Tano za Kichaa cha Mbwa

Ukipanda vilima vya Kilungu, Makueni, hadi Nunguni, boma lisilo na mbwa utalitafuta. Huyo ndiye mlinzi wa mbuzi, wa mahindi na wa wenyewe, na wengi hufunguliwa usiku wakazurura watakako. Ndiyo maana Kenya ilipoandaa mwaka 2014 mkakati wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu ifikapo 2030, Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za majaribio. Ugonjwa wenyewe si mgeni nchini: kisa cha kwanza kuthibitishwa kilikuwa cha mbwa wa viungani mwa Nairobi, mwaka 1912.

Kirusi kinachozua ugonjwa huo kina jeni tano tu.

Binadamu ana takriban 20,000. Hata Escherichia coli, bakteria anayeishi matumboni mwetu, ana zaidi ya 4,000. Bakteria huyo ni seli kamili: ana ukuta, ana DNA, ana ribosomu za kuunda protini zake, na akipata chakula hukua na kujigawa bila kumtegemea mwingine. Seli ya neva ya mtu ni tata zaidi, kwani DNA yake imehifadhiwa ndani ya kiini na mitokondria huipa nguvu.

Kirusi hakina hata ribosomu moja. Hiki cha kichaa cha mbwa kina umbo la risasi, na urefu wake ni kama nanomita 180, kiasi kwamba ukivipanga zaidi ya 5,000 kwa mstari vitaenea katika milimita moja. Ndani mna uzi mmoja wa RNA uliofumbatwa na protini. Nje kuna utando wa mafuta ambao kirusi hakikuuunda chenyewe. Kiliuchukua kutoka kwa seli kilimotokea. Juu ya utando huo imechomoza miiba ya protini. Basi. Hakili, hakipumui, hakikui. Iwapo kinastahili kuitwa kiumbe hai, wanasayansi bado wanabishana, nao ubishi huo haumfai kitu aliyeumwa.

Mbwa anapouma, mate yake huingiza virusi katika misuli. Miiba hunasa kwenye neva, seli ikakimeza kirusi, na njia zile zile ambazo neva husafirishia mizigo yake zikakipeleka polepole hadi ubongoni. Humo ribosomu za mwenyeji husoma maagizo ya RNA ngeni na kuunda virusi vipya, ambavyo baadaye hushuka hadi kwenye tezi za mate. Mwaka 1903, Mwitaliano Adelchi Negri aliona vidoa ndani ya seli za ubongo wa wanyama wagonjwa akadhani ni vimelea. Lakini mwaka huo huo Paul Remlinger alionyesha kuwa chanzo cha ugonjwa hupenya kwenye vichujio vinavyozuia bakteria, yaani ni kidogo kuliko bakteria.

Maumbile hayo ya kirusi ndiyo yanayoeleza ushauri wa wahudumu wa afya. Kuosha jeraha kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15 si kupoteza muda: sabuni huvunja ule utando wa mafuta. Penisilini haisaidii: hushambulia ukuta wa bakteria, na kirusi hakina ukuta. Chanjo nayo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili zinazoshika miiba kabla kirusi hakijazama kwenye neva, kwa hiyo aliyeumwa usoni, karibu na ubongo, ana muda mfupi zaidi. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa.

Kwa mbwa, Shirika la Afya Duniani hulenga chanjo kwa angalau asilimia 70 yao. Kiwango hicho hushuka haraka, maana mbwa waliochanjwa hufa na wengine huzaliwa. Hivyo kampeni hurudiwa kila mwaka, na watoto wa mbwa walio chini ya miezi mitatu nao hupelekwa kuchanjwa.