PEMBEJEO: Nondo wanaofanana, chambo tofauti

Mnunuzi wa dhahabu Geita hanunui kwa kuangalia mng'aro, hupima kwanza. Muuzaji wa pembejeo wa Shinyanga na Kahama anahitaji tahadhari hiyo hiyo anapoagiza chambo cha mitego ya nondo, kwani nondo wawili wanaokaribia kufanana hawanaswi kwa chambo kimoja.

Wa kwanza ni Helicoverpa armigera. Kiwavi wake ndiye funza wa vitumba anayefahamika sana kwa wakulima wa pamba, na hula pia mahindi, mtama, dengu, nyanya na hata tumbaku. Wa pili ni Helicoverpa assulta, anayepatikana Asia na Afrika kusini mwa Sahara. Huyu huchagua chakula: tumbaku, pilipili na mimea ya jamii hiyo. Nondo wake ana rangi ya manjano zaidi, lakini viwavi wao ni vigumu kuwatenganisha kwa macho.

Wenyewe hawakosei. Usiku jike hutoa harufu ya kumwita dume. Kemikali kuu katika harufu hizo ni mbili zilezile. Kinachotofautiana ni vipimo. Ile iliyo nyingi mno kwa armigera ni kidogo tu kwa assulta, na ile nyingine kinyume chake. Dume hufuata mchanganyiko wa kwao na kuupita wa jirani. Katika maabara wamewahi kuzalishwa pamoja, lakini mama akiwa armigera na baba assulta, majike wazima hawapatikani.

Kwa upande wa soko, chambo hutengenezwa kwa kuiga vipimo hivyo. Mtego wa armigera ukitundikwa kwenye tumbaku waweza kubaki mtupu huku assulta akiendelea kutaga. Mkulima ataamini shamba ni salama, achelewe kupulizia dawa, na hasara itaonekana siku ya kupanga madaraja ya tumbaku. Kwenye pamba chambo cha armigera kinatosha kwa funza wa vitumba. Kwenye tumbaku inafaa kuweka mitego ya aina zote mbili.

Jina lina uzito pia wakati wa kuchagua dawa. Afrika Magharibi, armigera alithibitika kuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi katika miaka ya 1990.

Kabla ya kulipia shehena ya chambo, mfanyabiashara asome jina la kisayansi kwenye pakiti. Maneno "chambo cha funza" pekee hayatoshi.