Makaa Mekundu Yasiyo Moshi

Baridi ya Juni na Julai inapoutanda mji wa Nairobi, desturi huwa ile ile katika vyumba vingi vya Kawangware na Kangemi: jiko la makaa huwashwa nje, husubiriwa hadi moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha huingizwa ndani na mlango ukafungwa. Watu huamini kwamba moshi ukiisha, hatari nayo imekwisha. Kemia yasema kinyume, na imesema hivyo katika vitabu vya kidato cha nne vya mtaala wa 8-4-4, ila kwa Kiingereza.

Mimi ni mtu wa isimu, wala si mkemia. Neno ndilo lililonivuta. Dhana yenyewe kwa Kiswahili twaweza kuiita msawazo. Kwa kuwa neno hili limetokana na "sawa", msikilizaji hudhani kila kitu kimetulia. Sivyo. Tazama kituo cha mabasi cha Kencom jioni: abiria wapya wafika, wengine wapanda magari, na foleni yabaki na urefu ule ule. Ndivyo zilivyo gesi zinazogeuka na kugeuzwa tena. Mwaka 1884 Mfaransa Henry Le Chatelier alieleza kwamba hali ikibadilika, iwe joto, shinikizo au wingi wa gesi mojawapo, msawazo huhamia upande unaolipunguza badiliko hilo.

Turudi kwenye jiko. Hewa iingiayo chini hukutana na makaa ikazaa kaboni dioksidi. Gesi hiyo ikipanda kupitia makaa ya moto hujitwalia kaboni zaidi, ikawa kaboni monoksidi. Nayo hii yaweza kurudi kuwa ile. Safari ya kwenda hunywa joto, basi joto likizidi msawazo huelemea monoksidi. Penye nyuzi 400 za Selsiasi, msawazo una dioksidi kwa sehemu kubwa. Penye nyuzi 1,000, karibu yote ni monoksidi. Waama, makaa yale tunayoyasifu kwamba yameshika vyema ndiyo yaielekeayo sumu. Ndimi za buluu juu ya jiko ni gesi hiyo ikiungua. Zikizimika, huenea chumbani bila rangi wala harufu.

Damuni mna msawazo mwingine. Himoglobini huishika monoksidi kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni, na gesi hizo mbili hugombea kiti kimoja. Tena Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu ya lile la Mombasa kwa takriban asilimia 18. Oksijeni imeshapungukiwa kabla jiko halijaingizwa. Heri ni kwamba kiti hicho huachika. Mgonjwa akitolewa nje, nusu ya monoksidi huondoka damuni kwa muda wa saa nne au tano. Akipewa oksijeni tupu hospitalini, kwa saa moja na nusu hivi. Daktari naye hutumia kanuni ile ile: huongeza wingi wa upande mmoja.

Methali yetu yasema panapofuka moshi hapakosi moto. Inayotahadharisha juu ya moto usiofuka sijaisikia. Yamkini ndiyo sababu kijana aliyelijibu swali la Le Chatelier barabara katika mtihani wa taifa humsaidia mamake kuingiza jiko jioni ile ile, asione uhusiano wowote. Kumwambia "Mama, makaa mekundu ndiyo yenye sumu, jiko libaki nje" hakuhitaji istilahi hata moja. Lakini hajafundishwa kulisema hivyo. Na kichwa kinapoanza kumgonga mama usiku, hudhani ni baridi, akaongeza makaa.