Savo Milošević: Mfungaji Aliyebandikwa Jina la Mkosaji

Katika shule zetu lakabu ya mwanafunzi aghalabu hutangulia jina alilopewa na wazazi wake. Mtoto akikosea hesabu ubaoni mara mbili tatu, mzaha mmoja hutupwa, darasa likaangua kicheko, na tangu siku hiyo jina jipya humganda kama kupe hata baada ya cheti kutolewa. Walimu nao hawana pa kujificha katika jambo hili, kwani si haba mizaha ya namna hiyo ambayo huanzia penye meza ya mwalimu. Kwa sababu hiyo nimeona si vibaya leo kuwasimulia wasomaji habari za Savo Milošević, mchezaji kandanda kutoka Serbia, ambaye jina lake lilipinduliwa na mashabiki wa Uingereza mpaka likasikika kwa Kiingereza kama mtu wa kukosakosa.

Milošević alizaliwa tarehe 2 Septemba 1973 katika mji wa Bijeljina. Siku hizi mji huo umo Bosnia na Herzegovina, lakini wakati ule ulikuwa Yugoslavia, nchi moja yenye jamhuri sita. Alipoingia katika kikosi cha wakubwa cha Partizan ya Belgrade mwaka wa 1992, nchi hiyo ilikuwa inamomonyoka. Mji wake wa kuzaliwa ulikuwa miongoni mwa ile ya kwanza kuvamiwa vita vya Bosnia vilipozuka mwaka huo, na Waislamu wengi wa huko waliuawa au kufukuzwa makwao. Umoja wa Mataifa ukaiwekea Belgrade vikwazo, na michezo haikusazwa. Timu ya taifa ya Yugoslavia ilitimuliwa katika fainali za Ulaya zilizofanyika Sweden, nafasi yake wakapewa Wadenmaki, nao hawakufanya ajizi bali walilinyakua kombe lenyewe.

Hebu fikiria hali ya kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mguu wa kushoto uliojaliwa, anayecheza katika ligi iliyofungiwa mlango. Partizan walitwaa ubingwa mwaka wa 1993 na wa 1994, naye Milošević akaibuka mfungaji bora wa ligi mara mbili mfululizo, kwa mabao 21 msimu mmoja na 30 msimu uliofuata. Lakini nani alimwona? Yalikuwa mabao ya chumba cha giza. Vikwazo vya michezo vilipolegezwa mwishoni mwa mwaka wa 1994 ndipo akaanza kuichezea timu ya taifa, na mwaka wa 1995 klabu ya Aston Villa ya Birmingham ikalipa pauni milioni 3.5 kumpata.

Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa klabu ile, na mtu aliyenunuliwa ghali hahesabiwi mabao anayofunga. Huhesabiwa yale anayokosa. Milošević alikuwa na umbo kubwa na mwendo wa taratibu, akajua kuuficha mpira kwa mwili na kuwatengenezea wenzake nafasi. Wakati mwingine angekosa bao ambalo mtoto wa shule ya msingi angelifunga. Yakatosha hayo. Lakabu ikazaliwa, magazeti yakaipokea, na tangu hapo kila mpira uliopaa juu ya mwamba ukawa ushahidi mpya. Ile siku ya Desemba 1995 alipowafunga Coventry mabao matatu peke yake haikulifuta jina hilo. Halikufutwa wala na fainali ya Kombe la Ligi uwanjani Wembley mnamo Machi 1996, ambapo Villa waliwalaza Leeds mabao 3 kwa nunge, na bao la kwanza, kombora la mbali lililotoka katika mguu ule wa kushoto, likawa lake. Mtu akishabatizwa mkosaji, anachofunga huitwa bahati.

Mwisho wa kisa hicho haukuwa mzuri. Mnamo Januari 1998, Villa wakiwa wanacharazwa 5-0 na Blackburn, Milošević aliwatemea mate mashabiki wa timu yake mwenyewe. Kitendo hicho hakina utetezi, na siutafuti. Asiyejizuia hasira hana budi kuvuna matokeo yake. Aliwekwa katika orodha ya wachezaji wa kuuzwa, na kufikia katikati ya mwaka alikuwa ameondoka. Hata hivyo, asiyetaka kujua mate yale yalitoka wapi ataishia kulaani mdomo tu.

Zaragoza ya Uhispania ilimchukua mtu yule yule, mwenye mguu ule ule na uzito ule ule. Msimu wa kwanza alifunga mabao 17 katika ligi, na wa pili 21, Zaragoza ikamaliza katika nafasi ya nne. Wengine watasema ligi ya Uhispania ilimfaa zaidi, na huenda wana hoja, maana huko mabeki hawakuwa wakimkanyaga kama wale wa Uingereza. Ila mimi naamini pia kwamba huko hakuna aliyekuwa amemwita mkosaji.

Kilele chake kilifika mwaka wa 2000, katika fainali za Ulaya zilizoandaliwa na Ubelgiji na Uholanzi. Ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu ndege za NATO ziache kuishambulia Yugoslavia kwa mabomu, baada ya siku 78. Rais wa nchi aliitwa Milošević vilevile, ingawa hawakuwa na udugu, na ugenini jina hilo lilikuwa mzigo tosha. Mechi ya kwanza, mjini Charleroi, ilikuwa dhidi ya Slovenia, jamhuri iliyojitenga na Yugoslavia mwaka wa 1991 na ambayo sasa ilishiriki fainali kwa mara ya kwanza. Waslovenia wakafunga la kwanza, la pili, na la tatu. Kisha beki Siniša Mihajlović akaonyeshwa kadi nyekundu. Wachezaji kumi, mabao matatu nyuma, mbele ya ndugu waliohama nyumba! Milošević alifunga katika dakika ya 67, Ljubinko Drulović katika ya 70, na Milošević tena katika ya 73. Kwa dakika sita mechi ikawa 3-3, na ikaishia hapo.

Wakaifunga Norway 1-0, bao likiwa la nani kama si lake. Dhidi ya Uhispania alifungua hesabu, lakini Wahispania walitia mawili katika dakika za nyongeza wakashinda 4-3. Robo fainali ndiyo iliyokuwa msiba, kwani Uholanzi iliwakung'uta 6-1 mjini Rotterdam. Bao moja hilo la kufutia machozi lilikuwa la Milošević, nalo lilimfikisha mabao matano.

Hapa pana jambo ambalo walimu wa maadili wangefaa kulitia katika mafunzo yao. Mholanzi Patrick Kluivert aliandikiwa mabao manne siku ile. Yeye mwenyewe akasema moja hakuligusa, na likaandikwa kuwa la kujifunga la beki Govedarica. Naye alimaliza mashindano akiwa na matano, wakagawana na Milošević heshima ya mfungaji bora. Lau angenyamaza, heshima hiyo ingekuwa yake pekee.

Parma ya Italia ilimnunua mwaka huo huo kwa fedha nyingi zaidi, na mabao yakakauka tena. Akarudi Uhispania kwa mkopo, akahama Zaragoza, Espanyol na Celta, mpaka alipotulia Osasuna ya Pamplona mwaka wa 2004. Pale aliisaidia klabu ndogo kufika fainali ya Kombe la Mfalme mwaka wa 2005, kumaliza ya nne katika ligi mwaka wa 2006, na kufika nusu fainali ya Kombe la UEFA mwaka wa 2007. Katika ligi kuu ya Uhispania kwa jumla alifunga mabao 102.

Wakati huo nchi yake ilikuwa ikibadili majina. Mwaka wa 2003 Yugoslavia iliitwa Serbia na Montenegro. Kwa jina hilo ilifuzu kwa Kombe la Dunia la 2006 ikiwa imefungwa bao moja tu katika mechi kumi. Lakini wananchi wa Montenegro walipiga kura ya kujitenga mwezi Mei, wakajitangazia uhuru mwanzoni mwa Juni, na tarehe 11 Juni Milošević akaingia uwanjani Leipzig akiwa nahodha wa nchi ambayo haikuwako tena. Walifungwa na Uholanzi, wakamiminiwa sita na Argentina, na hatimaye wakapoteza kwa Côte d'Ivoire 3-2 baada ya kutangulia kwa mabao mawili. Waivory Coast nao walitoka katika nchi iliyogawanyika kwa vita, na miezi minane awali wachezaji wao, wakiongozwa na Didier Drogba, walikuwa wamepiga magoti mbele ya kamera kuwasihi wananchi waweke silaha chini. Timu moja ilikuwa inajaribu kuishona nchi. Nyingine ilikuwa imevaa fulana ya nchi iliyokwisha kuchanika.

Milošević alimalizia uchezaji wake Rubin Kazan ya Urusi, iliyotwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka wa 2008. Tarehe 19 Novemba mwaka huo Serbia ilimwandalia mechi ya kumuaga dhidi ya Bulgaria mjini Belgrade. Ilikuwa mechi yake ya 102 ya kimataifa, chini ya jina la tatu la nchi, na Serbia ilishinda 6-1. Alicheza nusu saa na ushei. Katika muda huo alikosa penalti mbili na kufunga mabao mawili, na alipotoka uwanja mzima ulisimama kumshangilia.