Wenye Kudukiza Mitandaoni (Sehemu ya Pili)

Baada ya kueleza juma lililopita jinsi habari itokayo katika kompyuta moja kwenda nyingine inavyokatwa vipande viitwavyo pakiti, kila kimoja na anwani ya kitokako na kiendako, sasa twazifikia zile programu ziwezazo kuzinasa pakiti hizo njiani na kuzisoma.

Wengi hudhani zilibuniwa na wezi. Hasha. Ile iitwayo tcpdump ilitungwa mwaka 1988 katika maabara ya Berkeley, Marekani, na Van Jacobson na wenziwe, waliokuwa wakichunguza mwendo wa mitandao ili wautengeneze. Na Wireshark, aliyoitoa Gerald Combs kwa mara ya kwanza kwa jina la Ethereal mwaka 1998, hata leo ni chombo cha kila siku cha mafundi. Kadi ya mtandao kwa desturi huipuuza pakiti isiyo yake. Programu hizi huiamuru iiache adabu hiyo, ipokee kila kipitacho, na katika mitandao ya zamani, ambamo mashine zote zilishirikiana waya mmoja, kilichopita ni maneno ya watu wote.

Madhara yake yalidhihirika Ufini mwaka 1995, pale mtu alipotega programu ya namna hiyo katika mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki akavuna nywila za watumiaji, kwa kuwa Telnet, njia iliyokuwa ikitumika kuingilia kompyuta iliyo mbali, ilizipitisha waziwazi, herufi kwa herufi. Tatu Ylönen, mtafiti wa chuoni hapo, hakujishughulisha na kumwinda mdukizi. Alitunga SSH, ambayo huyafumba maneno kabla hayajatoka mashineni, akaitoa kwa umma bila malipo mwezi wa Julai mwaka huohuo. Nami naona ndiye aliyeushika ugonjwa wenyewe, maana wako hata sasa wanaotegemea swichi, ambayo hupeleka kila pakiti kwa mwenyewe tu, ilhali swichi nayo hudanganyika, na mtandao wa hewani hauna swichi ya kuzuia masikio.

Waama, pakiti zilizofumbwa bado hunaswa. Mdukizi hapati maneno, ila hupata anwani, saa na ukubwa wa mazungumzo, na wenye hila hawaidharau habari hiyo. Vipi mashine mbili zisizopata kukutana zitaagana juu ya ufunguo wa siri, naye anasikia yote tangu salamu ya kwanza, hilo, inshallah, ni la makala ijayo.