Jumatatu Damu Bado Haina Rada

Sherehe ilikuwa Jumamosi. Jumatatu asubuhi msee ashafika maabara ya mtaa, kofia imeshuka mpaka kwa macho, anataka apimwe herpesi na atoke na majibu. Doo zake zitaingia bila swali. Shida ni hiyo karatasi haijui chochote kuhusu Jumamosi.

Cheki venye inaendanga. Testi ya damu haitafuti kirusi chenyewe. Inatafuta kinga yenye mwili umeunda kupigana nacho, na mwili hauna haraka: wengine ni wiki kadhaa, wengine hadi 12 ama 16. Kwa hivyo ukiambiwa uko fiti Jumatatu, umeambiwa tu vile ulikuwa kitambo. Na ikisema unayo, manze, usimpigie manzi wa Jumamosi ukimfokea. Hiyo ulikuwa nayo kabla umjue jina. Hapo ndipo wasee wanachomanga mbaya. Kuna testi ingine inaitwa IgM bado inauzwa. Hiyo usiilipie, haiwezi kutofautisha mpya na ya zamani.

Chenye kinaongea ukweli ni kidonda. Kikikam, mara mingi ni kati ya siku 2 na 12: muwasho, vimalengelenge, moto ukienda kukojoa. Usikiminye, usipake mafuta ukingoja kikauke. Ingia kliniki siku mbili za kwanza kidonda kikitokea, wapanguse na pamba wapime. Ukianza asaiklovia mapema, kinaisha haraka. Lakini kirusi chenyewe hakitoki, kinajificha kwa neva karibu na uti wa mgongo, so wale wa bango la mlingoti wa stima wenye wanaahidi kukuponya wanakupiga tu.

Na ukiwa umepanik juu ya herpesi, kuna saa ingine inakimbia. Kama CD ilipasuka ama haikuwepo, PEP ya kuzuia HIV inaanzwa ndani ya masaa 72, mapema ndio poa. Enda hospitali ya serikali leo. Hiyo ya herpesi itangoja.

Kuhusu aibu, acheni. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa 2007 ulipata asilimia 35 ya watu wa miaka 15 hadi 64 wana herpesi ya aina ya pili, wadada 42, maboyz 26. Wengi hawana habari, juu haiwasumbui. Ndio maana "nilimcheki alikuwa safi" haina maana: kirusi kinaweza kutoka kwa ngozi bila alama yoyote. CD inapunguza risk, haimalizi, kwa sababu kuna ngozi haifuniki. Na vile vidonda vya mdomo shosh anasema ni malaria? Mara mingi ni aina ya kwanza, na mdomo unaweza kuishusha huko chini. Kiti cha choo hakina kesi.

Kama unajua unayo, sema kabla nguo zitoke. Ukihisi muwasho, hiyo wiki pumzisha mechi. Na kama bibi yako ako na mimba ya miezi ya mwisho na hajawahi kuwa nayo, usimguse bila kumwambia nesi wa kliniki, juu ikimpata wakati huo inaweza kumfikia mtoto akizaliwa.